Sifuri Haifumiki

Vipande vinne vya blanketi vilikuwa vimetandazwa juu ya meza ya kukatia, na Inspekta alikuwa ameinama juu yake kama mtu anayemtazama mtoto mgonjwa. Kabla ya kugusa chochote alivua saa yake ya mkononi akaitia mfukoni, isije ikanasa uzi. Mama, mwenye karakana, alikiona kitendo kile. Tangu hapo aliacha kumwita afande, akaanza kumwita mwanangu.

Karakana ile ilifuma masweta ya shule na mablanketi. Hospitali moja ya watoto ilikuwa imeomba sampuli ya blanketi kwa ajili ya wodi mpya, na Mama, ambaye macho yalikwisha kuanza kumchoka, alitangaza mbele ya wafumaji wote kwamba yule ambaye blanketi lake litachaguliwa ndiye atakayeshika karakana baada yake. Waliojitokeza walikuwa wawili tu. Mmoja ni binti yake wa kuzaa, ambaye kila mtu pale alimwita Dada. Wa pili ni mke wa mwanawe, ambaye walimbandika jina la Nukta kwa kupenda kwake hesabu za desimali. Jana asubuhi, siku ya mnunuzi wa hospitali kuja, karakana ilipofunguliwa blanketi la Nukta lilikuwa linaning'inia zima kwenye upau, na la Dada lilikuwa vipande sakafuni. Mama aliviokota kimoja kimoja akalia. Kabla ya saa ya chai, Nukta alikuwa mahabusu.

Aliyelalamika ni Dada mwenyewe. Katika maelezo yake alisema kwamba nakshi ya kanda zile za rangi ilikuwa yake, kwamba wifi yake aliiba, na kwamba alipoona ataumbuka mbele ya mnunuzi, alilikata la asili ili libaki la kwake tu.

Inspekta alimwomba Koplo ahesabu mistari ya kila kipande. Koplo alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na subira, na mkewe alikuwa mfumaji, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mstari ni upi. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia, akakuna kichwa.

"Ishirini na tisa," alisema. "Na hiki pia. Vyote vinne vimetoshana kama vimetoka tumbo moja."

"Na pale mkasi ulipopita?"

"Pamenyooka. Umefuata mstari ule ule toka ukingo huu hadi ule. Haukupanda, haukushuka."

"Koplo, wewe ukipandwa na hasira ukachana shati lako, linachanika hivi?"

"Mimi nikipandwa na hasira huwa nalala, Inspekta."

Inspekta hakucheka, lakini Mama alicheka kidogo, na ilikuwa mara yake ya kwanza tangu jana.

Walipima vipande vile kando ya blanketi la Nukta. Lake lilishuka kutoka upauni hadi kiasi cha vidole vichache juu ya sakafu. Vile vinne, hata vikiunganishwa, vilikomea magotini. Uzi ulikuwa mnene, mstari mmoja karibu unene wa kidole, kwa hiyo palipungua kipande kikubwa cha kazi. Mtu alikuwa amekata, akachagua, akaondoka na alichokichagua. Na kwenye kingo zilizokatwa, akiinamia karibu kabisa, Inspekta aliona vinyweleo vya rangi ambayo haikuwamo katika vipande wala katika blanketi zima. Alivinyofoa kwa kibano, akavitia katika bahasha. Vilikuwa vya zambarau.

Mama alisema stoo yake haikuwa na zambarau. Aliiacha rangi hiyo siku nyingi kwa sababu hutoka ikifuliwa na kuharibu nyingine.

"Nani aliliona blanketi la Dada likiwa zima?" Inspekta aliuliza.

Mama alifikiri. Hakuna. Dada alilifumia nyumbani kwake, mitaa miwili kutoka pale, akalileta limekunjwa na kulitundika juzi jioni baada ya wafumaji kutoka. Na mlango kati ya karakana na ua wa nyumba ya Mama, ambamo Nukta na mumewe walikaa, haukuwa na kufuli. Yeyote wa nyumbani angeweza kuingia.

Wafumaji walihojiwa mmoja mmoja, kila mtu pale alipoketi, ili mikono isisimame. Hawakusema mengi, ila yote waliyosema yalielekea upande mmoja. Kiti cha dirishani kilikuwa cha Dada tangu alipojua kushika sindano. Nukta alipougua macho, Mama akamhamishia pale apate mwanga. Macho yalipona, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha alikotoka. Dada hakulalamika. Ila kila Mama alipoisifu kazi ya Nukta, Dada aliinuka na kwenda kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

"Tulikuwa tunakunywa chai kwenye vikombe visafi kuliko vya hospitali," alisema mfumaji mmoja mzee, bila kuinua macho.

Jingine walilolisema ni kwamba juzi alasiri alipita Mnoaji wa mikasi, akanoa yote, na ndiye mgeni wa mwisho kutoka. Alikuwa amegombana na Dada.

Walimkuta kwenye kona ya barabara, juu ya baiskeli yenye jiwe la kunolea, akikanyaga pedali bila kwenda popote. Kichwani alivaa kofia ya kufumwa ya zambarau. Koplo alimtazama Inspekta, na Inspekta akaitazama kofia.

Mnoaji hakukana ugomvi. Dada alimwambia mbele ya wanawake wote kwamba mikasi yake haikati hata maji, na neno lile lilimkaa kooni. "Lakini mimi nikitaka kumkomoa mtu namwachia mkasi wake butu," alisema. "Siwezi kwenda kukata blanketi la watoto wagonjwa."

Inspekta aliomba uzi mmoja wa kofia. Mnoaji aliivua kwa heshima, akamsihi aunyofoe mahali pasipoonekana. Inspekta aliwasha kiberiti. Kinyweleo cha karakana kilijikunja na kunuka nywele zilizoungua, kwa maana kilikuwa sufu. Uzi wa kofia uliwaka kama karatasi na kuacha majivu.

"Hii ni pamba tupu," alisema.

"Na mke wangu aliniapia ni sufu," alijibu Mnoaji, akairudisha kofia kichwani kwa huzuni ya kweli.

Hivyo njia ile ikafungwa, wakarudi kituoni kwa Nukta.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha maelezo, amevaa sweta kubwa la kijani ambalo mikono yake ilimfunika hadi kwenye kucha. Lilikuwa la Koplo. Koplo hakuwa amemwambia mtu kwamba amelitoa, na Inspekta akajifanya hakuliona. Alimletea chai. Nukta alikishika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa.

"Mama anasemaje?" aliuliza.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mimi."

Inspekta alimwambia kwamba Mama hajasema lolote. Nukta aliinamisha kichwa kama aliyetarajia jibu hilo, kisha akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, kama hajasema kabisa, hata neno moja. Inspekta akaona bora kuuliza la kazi.

"Nieleze nakshi yako. Kutoka mwanzo, kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

Nukta aliomba chaki. Akapiga magoti sakafuni, akaandika moja, akaigawanya kwa saba, akieleza huku anaandika. Moja ni ndogo, haitoshi kugawanywa kwa saba, basi unaweka nukta na kuongeza sifuri, inakuwa kumi. Katika kumi, saba inaingia mara moja, zinabaki tatu. Tatu inakuwa thelathini: saba inaingia mara nne, zinabaki mbili. Ishirini: mara mbili, zinabaki sita. Sitini: mara nane, zinabaki nne. Arobaini: mara tano, zinabaki tano. Hamsini: mara saba, inabaki moja.

"Inabaki moja," alisema Inspekta. "Na tulianza na moja."

"Ndiyo. Tumerudi tulikoanzia. Kuanzia hapa ni yale yale, hata ukifuma hadi uzeeni. Moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Mstari mmoja mweupe, minne ya kijani, miwili ya njano, minane ya kahawia, mitano ya buluu, saba myekundu. Halafu tena."

"Kwa nini saba? Kwa nini usigawanye kwa namba nyingine?"

Nukta alisema amejaribu nyingi. Moja ya nne ni sifuri nukta mbili tano na inaishia hapo, unabaki na sindano mkononi na blanketi halijafika hata magotini. Moja ya tatu ni tatu, tatu, tatu, kanda zote sawa kama pajama ya babu. Moja ya kumi na moja ni sifuri, tisa, sifuri, tisa.

"Hiyo ina ubaya gani?"

"Sifuri haifumiki, Inspekta."

Alicheka, kisha akauficha mdomo nyuma ya mkono wa sweta, kana kwamba mahabusu hapachekwi.

Inspekta alitazama maandishi ya chaki. Vipande vya Dada vilianzia njano. Miwili, minane, mitano, saba, mmoja, minne, miwili. "Na mtu akianza na mbili?"

"Hiyo ni mbili ya saba. Namba ni zile zile, umeingilia tu mlango mwingine. Tatu ya saba unaingilia nne. Nne ya saba unaingilia tano. Ni nyumba moja ya milango sita, na ndani yake wanakaa hao hao sita. Sifuri hayumo, tatu hayumo, sita hayumo, tisa hayumo."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Tisa hayumo?"

"Hawezi kuingia. Ungehitaji baki la saba, na ukigawanya kwa saba, saba haibaki."

"Umemweleza nani habari hizi?"

Alimweleza Mama, wakiwa wanaviringisha uzi dirishani. Siyo yote, ni hilo tu kwamba ni moja kugawanya kwa saba. Mama alicheka, akasema kumbe ana blanketi lenye akili kuliko yeye. Nani mwingine alikuwepo? Nukta alisita. Wifi alikuwepo, akiwagawia watu nyuzi.

Inspekta alifunga daftari. Swali la mwisho aliliuliza akiwa amekwisha simama. "Ulimwonea wivu wifi yako?"

"Nilimwonea," alisema Nukta. "Yeye akiita Mama, anaitikiwa. Mimi lazima kwanza nifume kitu kizuri."

Walirudi karakana mchana, wakati Dada amekwenda kwake kupumzika. Karibu na mizani ya nyuzi kilining'inia kikokotoo kikuukuu ambacho Dada alikitumia kugawa sufu. Inspekta alimpa Koplo akamwambia agawanye mbili kwa tatu.

Koplo alibonyeza, akakunja uso. Kioo kilionyesha sifuri nukta, tarakimu ya sita mara saba mfululizo, kisha mwishoni saba. "Hii saba imetoka wapi? Tulifundishwa ni sita tu."

"Sita hazina mwisho, lakini kioo kina mwisho. Kina nafasi nane baada ya nukta. Kikifika ukingoni kinaichungulia tarakimu inayofuata, na ikiwa tano au zaidi, ile ya mwisho kinaiongeza moja."

"Kumbe hata mashine inapenda kumaliza kazi upesi."

"Sasa mbili kwa saba."

Koplo alibonyeza, akasoma polepole, huku kidole cha mkono wa pili kikitembea juu ya kipande cha blanketi. Sifuri nukta. Mbili, njano. Nane, kahawia. Tano, buluu. Saba, nyekundu. Moja, nyeupe. Nne, kijani. Mbili, njano. Hapo kitambaa kiliishia na kidole kikabaki hewani.

"Mkasi umepita hapa," alisema.

"Na kioo kinasema nini?"

"Tisa."

Hesabu ya kweli ingetaka nane pale, na baada ya nane tano, kwa kuwa mzunguko haukatiki. Lakini mtu aliyesoma kioo bila kugawanya mwenyewe angeona tisa mahali pa nane, na tarakimu za kioo zikiisha angerudi mwanzoni, kwenye mbili, akidhani ndiko zinakojirudia. Koplo alijaribu na simu yake, ikatoa msururu mrefu zaidi, ambao ungefanya vipande virefu zaidi ya hivi. Simu haikuhusika. Kisha wakaongeza mistari tisa chini ya kila kipande, kwa kupima na utepe, na blanketi lililokuwa linaishia magotini likashuka hadi karibu sawa na la Nukta.

"Kwa hiyo kilichokatwa ni tisa nne," alisema Koplo. "Na kila moja ya zambarau, kwa kuwa kila namba ina rangi yake. Lakini Inspekta, Nukta anajua tisa haimo. Angeiondoa ya nini? Angeiacha pale, kila mtu aone nani ameiga."

"Ndiyo maana nataka kunawa mikono nyumbani kwa Dada."

Dada aliwapokea vizuri. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye vidole virefu na mgongo ulionyooka, na alimkaribisha Koplo kiti chenye mto kwa sababu alimwona anavyoshika kiuno. Aliyarudia maelezo yake bila kukosea neno. Alipoulizwa nakshi aliitoa wapi, alisema kichwani mwake. Alipoulizwa kama aligawanya kitu chochote, alisema yeye ni mfumaji, siyo mwalimu. Inspekta akaomba kunawa.

Katika bafu, juu ya ndoo, palining'inia fungu la uzi wa sufu lililofuliwa, na chini yake imefungwa chupa ya maji iuvute. Uzi ambao umewahi kufumwa hubaki na mikunjo, na wafumaji wote waliofunzwa na Mama huufua na kuutundikia uzito hivyo hivyo mpaka unyooke. Mama aliwakataza kutupa uzi, hata wa urefu wa kiganja. Mtu mwingine angeyachoma yale mabaki, au angeyatupa jalalani. Dada aliyafumua, akayafua, akayaanika. Matone yaliyodondoka ndooni yalikuwa ya zambarau.

Inspekta alinawa mikono kweli, kwa kuwa alisema atanawa. Kisha akatoka akamwomba Dada waongozane karakana.

Wafumaji waliambiwa wapumzike nje. Mama aliketi kwenye kiti chake, amevua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama tangu asubuhi. Koplo alimleta Nukta kutoka kituoni, bado na lile sweta. Dada alisimama karibu na meza. Inspekta aliweka fungu la uzi wenye unyevu pembeni ya vipande vinne.

"Dada, katika nakshi yako, baada ya mbili inakuja ngapi?"

Dada alilitazama blanketi la Nukta kwenye upau. Midomo yake ilihesabu. "Nane," alisema.

"Sawa kabisa. Basi mbona kila kipande chako kinaishia mbili, na kinachofuata kinaanza na mbili tena?"

"Aliyekata amechukua za katikati."

"Kati ya mbili na mbili, kwa hesabu ya kweli, wamo nane, tano, saba, moja na nne. Tukizirudisha zote, blanketi linaburuza sakafuni. La kwako lilifika wapi ulipolitundika?"

Mama alikuwa ameunyoosha mkono kuugusa uzi wa mezani, akaukunja na kuukunjua, akasikia kwa vidole ile mikunjo ambayo haijaisha. Hakuhitaji macho kwa kazi hiyo. Aliurudisha mezani taratibu, akaupanga vizuri.

"Huu umefuliwa na mtu niliyemfundisha," alisema.

Hapo Dada aliketi, pale pale kwenye ngazi ya kupandia stoo, na alipoanza kusema hakumtazama Inspekta. Alisema aliisikia ile habari ya moja kwa saba, akaenda kwenye kikokotoo, na ili lisifanane akaanza na mbili; kwa ajili ya tisa akanunua zambarau sokoni. Alifuma kila jioni, na hakuwahi kufuma kwa bidii vile tangu aolewe. Siku ile jioni alilitundika kando ya la Nukta ili ayaone pamoja.

"La kwake linatiririka," alisema. "La kwangu likifika kwenye zambarau linajikwaa. Linajikwaa, linaanza upya, linajikwaa tena. Nikahesabu la kwake mpaka chini. Hakuna tisa hata moja."

"Ungelifumua," alisema Inspekta. "Ungesema hukuwahi kumaliza."

"Halafu Mama alione la kwake peke yake?" Dada aliufuta uso kwa kiganja. "Likiwa zima asingelipenda. Nilijua. Likikatwa, angelililia." Akamgeukia mama yake. "Na ulililia, Mama. Jana uliviokota vyote ukavililia. Sikumbuki mara ya mwisho umeishika kazi yangu hivyo."

Nukta alikuwa ameitazama sakafu muda wote, na mikono ya sweta la Koplo ilikuwa imekunjwa ngumi.

Inspekta alieleza yaliyobaki kwa sauti ile ile ya kazi. Nukta yuko huru, na jalada litaandikwa hivyo leo hii. Dada atakwenda kituoni kutoa maelezo mapya, kwa kuwa kutoa taarifa ya uongo na kumfanya mtu asiye na kosa alale mahabusu ni kosa, na mwenye kusema kama anataka kuendelea na shauri au kusamehe ni aliyelala mahabusu. Alimtazama Nukta. Nukta akasema atajibu kesho. Lakini alipokuwa akisema alimtazama Mama, na Mama alikuwa amekwisha inuka.

Mama alimpita Nukta bila kusimama. Alimshika Dada kiwiko, akamwinua, wakatoka wote wawili hadi kwenye gari la polisi, Mama mbele ya kila mtu, akisema yeye naye atakwenda, hakuna atakayemhoji binti yake bila yeye kuwepo. Koplo aliwafungulia mlango wa nyuma, akamsaidia Mama kupanda. Wafumaji waliokuwa wamesimama ukutani walijitazama miguu.

Nukta alibaki peke yake kati ya blanketi zima na blanketi lililokatwa. Alisimama pale kwa muda. Kisha akaviona viatu vya Mama chini ya kiti, akaviokota, akatoka mbio.

Alipiga magoti vumbini, kando ya mlango wa gari uliokuwa wazi. Aliupangusa mguu mmoja wa Mama kwa mkono wa lile sweta, akauvisha, akafunga mkanda wa kiatu tundu moja nje ya lile la kawaida, kwa sababu ya uvimbe. Akafanya hivyo na wa pili. Alipokuwa akiinuka, mkono wa Mama ulimtua kichwani na kumzuia pale pale.

"Umekula, mwanangu?"

Nukta akatikisa kichwa. Mkono haukuondoka. Mama alimwita Koplo amtafutie binti huyu chakula kabla ya jambo lingine lolote, na alipokuwa akisema hayo vidole vyake vilikuwa vikizinyoosha nywele za Nukta, ambazo zililala vibaya kwenye benchi la mahabusu.

Upande wa pili wa kiti, Dada alikuwa akitazama vidole vile. Aliinama kutoka pale alipoketi, akaufungua mkanda wa kiatu cha Mama uliokwisha fungwa, akaufunga upya yeye mwenyewe.